Kiatu cha Bwera na Waranti ya Kampala

Kutoka Kasese hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 300, upitie Fort Portal au uzungukie Mbarara. Aliye Bwera anaanza kwa kipande cha kutoka mpaka wa Kongo hadi njia panda ya Kikorongo kabla hata hajaingia kwenye barabara kuu. Umbali huo ndio wa kuuliza kwanza unapoonyeshwa kiatu chenye kadi ya waranti. Miezi mitatu au sita ni swali la baadaye. Jumlisha nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani na siku ya kazi iliyopotea. Kwa viatu vingi vinavyouzwa huku, jumla hiyo inakaribia bei ya kiatu kipya, au inaipita.

Ndiyo maana ushauri wa kununua viatu ulioandikwa kwa ajili ya mtu wa Kampala au Nairobi haumfai mtu wa Bwera, hata bei zikiwa sawa. Wa mjini akilipia jina la kampuni analipia pia kaunta ya kurudishia kiatu kikiachama. Sisi tunalipia kaunta ambayo hatutaifikia. Msimamo wangu ni kwamba pesa ya ziada huku itolewe kwa kiatu kinachokaa vizuri mguuni na ambacho fundi wa mtaani anaweza kukifungua na kukifunga tena. Waranti nayo iingie kwenye hesabu pale tu ambapo mtu wa kuitimiza yuko umbali wa boda boda.

Wilaya ya Kasese yenyewe haina ardhi moja. Inaanzia tambarare za joto kando ya hifadhi ya Queen Elizabeth na kupanda hadi barafu ya Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Anayesimama dukani mjini Kasese siku nzima anahitaji kiatu kinachopitisha hewa, kwa kuwa mguu wake huvimba kufikia alasiri. Anayelima kwenye mifereji ya Mubuku anahitaji kitu kisichoogopa maji. Katwe, chumvi ya ziwani hukausha ngozi mpaka ipasuke na kula pete za chuma za matundu ya kamba, kwa hiyo sandali ya plastiki ya bei ndogo hudumu kuliko kiatu cha ngozi cha bei mara kumi. Saruji mbichi, ambayo mafundi ujenzi wanaijua vizuri, huchoma ngozi ya mtu na kukakamaza ngozi ya kiatu. Vijia vya milimani kuelekea Kyondo na Kyarumba ni vya mteremko, na mteremko husukuma vidole mbele. Kiatu kilichokutosha sokoni kwenye sakafu tambarare kitakung'oa kucha ukishuka nacho.

Na kutovaa kiatu kuna gharama yake. Mwaka 2015, katika wilaya jirani ya Kamwenge, wataalamu wa afya walichunguza watu waliokuwa wamevimba miguu wakakuta podokoniosisi, ugonjwa unaotokana na kukanyaga udongo wa volkano kwa miaka mingi bila viatu. Kinga yake kubwa ni kuvaa viatu na kuosha miguu. Kwa hiyo mtu asiyeweza kununua kiatu kizuri leo asisubiri. Jozi yoyote inayofunika mguu shambani ina kazi ya kufanya.

Nianze na zile za bei ndogo, maana hazidai maneno mengi. Rugabire za tairi na sandak za plastiki hazina siri: unaona kila kitu kwa jicho, hakuna gundi iliyofichwa, na zikikatika fundi anatia msumari au anachomea plastiki kwa chuma cha moto, safari inaendelea. Tairi la gari lilitengenezwa kubeba tani, halitamalizwa na mguu wako. Kinachokwisha ni mikanda. Rugabire ina ubaya wake: haipindi vya kutosha, na mwenye kisigino chenye nyufa ataumia. Gambuti ndizo ninazozitetea kwa sauti. Wageni hupanda Rwenzori na buti za mlimani za mamia ya dola, halafu wakikaribia vinamasi vya Bigo waongozaji huwavalisha gambuti kama zile za mkulima, kwa sababu matope ya huko humeza kiatu chochote cha kamba. Yaliyotokea Kilembe na Kasese mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013, na tena mwaka 2020, yaliwafundisha wengi hilohilo wakiwa bado bondeni. Ukinunua gambuti, ikunje shingo kwa nguvu na utazame mkunjo. Mpira mzuri hurudi bila alama. Plastiki ngumu hubaki na mstari mweupe, na mstari huo ndio utakaopasuka. Chukua yenye nafasi ya soksi nene, maana gambuti tupu hukwangua shavu la mguu.

Kazi inaanza kwenye viatu vya kufunika vya kuendea shule, ofisini, kanisani na msikitini. Hapo una njia tatu: kipya cha kampuni inayojulikana, kipya cha bei nafuu kisicho na jina la maana, na mtumba.

Kipya cha kampuni, wengi hukipimia Bata, iliyoanzia Zlín mwaka 1894 na yenye kiwanda chake cha siku nyingi Limuru, Kenya. Kiatu cheusi cha shule cha aina hiyo huwa na ngozi halisi au iliyopakwa rangi nzito, na soli iliyomiminiwa moja kwa moja kwenye mwili wa kiatu kiwandani. Soli ya hivyo haiachami kwa urahisi. Lakini ikiisha imeisha, kwa sababu fundi hana pa kuanzia kuibandua. Atakachofanya ni kuongeza kipande chini yake. Uliza mapema kama unanunua soli ya kumiminiwa, ya kubandikwa kwa gundi au ya kushonwa. Ya kushonwa ndiyo inayobadilishika mara nyingi, na ndiyo isiyopatikana kirahisi.

Kipya cha bei nafuu ndicho kilichojaa kwenye meza za Bwera siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa. Muuzaji atakuambia, "Kasitoma, hii ngozi, orijino." Usibishane naye, geuza ulimi wa kiatu utazame ukingo uliokatwa. Ngozi ya mnyama ina nyuzinyuzi zisizo na mpangilio, na upande wa ndani una manyoya mafupi kama ya kitambaa kilichochakaa. Ikiwa ndani unaona kitambaa kilichofumwa na juu yake utando unaong'aa, hiyo ni plastiki juu ya nguo. Baada ya miezi michache utando utaanza kubanduka pale kiatu kinapokunjika. Harufu isikudanganye, hutiwa. Kuna wanaopenda kuchoma ukingo kwa kiberiti ili kujua. Mbele ya meza ya mtu sipendekezi.

Mtumba unadai maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndimo mlimo na faida kubwa na hasara kubwa. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana mwaka 2016 kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Rwanda ilipoendelea na kupandisha ushuru, Marekani iliziondolea nguo zake nafuu ya ushuru ya mpango wa AGOA mwaka 2018, na nchi nyingine, Uganda ikiwemo, zilirudi nyuma. Agosti 2023 Rais Museveni akiwa Mbale alitangaza tena kwamba mitumba ipigwe marufuku. Marobota bado yanafunguliwa soko la Owino, Kampala, na kusafirishwa hadi huku. Mfanyabiashara hana hakika ya kesho, na hilo nalo limo kwenye bei unayotajiwa.

Uzuri wa mtumba ni kwamba unaweza kupata ngozi nene na mshono wa mkono mzuri kwa nusu ya bei ya kipya cha kawaida. Hatari yake kubwa haionekani, na wauzaji wengi nao hawaijui. Soli nyingi za buti za mlimani, buti za kazini na viatu vyepesi kutoka Ulaya ni za poliyurethani. Zikiwa mpya ni nyepesi na laini kuliko raba. Lakini unyevu wa hewa huivunja poliyurethani polepole, hata kiatu kikiwa kimelala kabatini bila kuvaliwa. Baada ya miaka kadhaa, mara nyingi kati ya mitano na kumi, soli bado inaonekana nzima, halafu unakivaa, unatembea kutoka sokoni hadi kituo cha boda, na inamong'onyoka kama keki ya juzi. Mtu anadhani ameuziwa feki. Hapana, kiatu kilikuwa cha kweli kabisa na cha bei ghali, ila umri wake ulikuwa umekwisha kabla hakijapanda meli. Ndiyo maana kiatu cha mtumba kinachoonekana hakijawahi kuvaliwa, ambacho kila mtu anakigombania robota likifunguliwa, kinaweza kuwa kibaya kuliko chenzake kilicholika kidogo. Kilichovaliwa mwaka jana kinaonyesha kwamba mwaka jana soli ilikuwa hai.

Jaribio lake halina gharama. Bonyeza ukucha wa kidole gumba pembeni mwa soli karibu na kisigino. Alama ikibaki bila kurudi, soli ikinata, au ikitoa unga, weka kiatu chini. Kisha kipinde katikati utazame kama nyufa ndogo zinafunguka. Soli ya raba yenyewe haina ugonjwa huu. Ni nzito zaidi mkononi na ukiikunja hurudi kwa kishindo. Ile nyepesi sana ya povu, ya viatu vya kukimbilia, haimong'onyoki hivyo, lakini hubonyea ikabaki imebonyea, na mguu unaanza kuuma bila sababu unayoiona. Buti za kazini zenye chuma mbele, zinazotafutwa na wajenzi na vibarua wa viwandani, mara nyingi ni za poliyurethani, kwa hiyo zibonyezwe kwanza kabla ya kusifiwa chuma chake.

Tazama pia mtu wa kwanza alikitumiaje. Kisigino kilicholika upande mmoja kimeshafundishwa mwendo wa mtu mwingine, na goti lako litalipa. Alama ya vidole ndani si tatizo kama unaweza kubadilisha soli ya ndani. Na kiatu kilichong'arishwa sana kwa dawa kwenye mikunjo, kifute kwa kitambaa chenye maji. Rangi ikitoka, chini yake utaona kilichokuwa kinafichwa.

Sasa saizi, ambako pesa nyingi zaidi hupotea kuliko kwenye ubora. Namba za Ulaya hupanda kwa hatua ya theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.7 hivi. Namba za Uingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, milimita 8.5 hivi. Hatua hizo mbili hazikutani, kwa hiyo kibandiko kinachosema 41 ni sawa na 7 kinaweza kuwa kweli kwa kiwanda kimoja na uongo kwa kingine. Namba ikuonyeshe rafu ya kuanzia tu. Ukitaka kuikadiria mwenyewe, pima urefu wa mguu, ongeza sentimita moja na nusu za kupumulia, kisha zidisha kwa moja na nusu. Mguu wa sentimita 25.5 unakuwa 27, na 27 mara moja na nusu ni 40.5: jaribu 40 na 41, usimsikilize anayekuambia ngozi itanyooka. Ngozi hunyooka kwa upana kidogo. Kwa urefu hainyooki.

Wazazi wengi hubeba kijiti au uzi uliokatwa kwa urefu wa mguu wa mtoto. Ni njia nzuri kuliko kukisia, na ina pengo moja: haisemi chochote kuhusu upana. Aliyekulia bila viatu kwa kawaida ana mguu uliotanuka mbele, vidole vimeachana jinsi vilivyoumbwa. Kalibu nyingi za viatu vya Ulaya ni nyembamba pale pale. Kwa hiyo mtu ananunua namba kubwa ili vidole viingie, kisigino kinabaki kinapwaya, na anapata malengelenge nyuma kwa kosa la mbele. Dawa ni karatasi. Simama juu yake jioni, mguu ukiwa umevimba kwa joto la siku, uzito wote juu ya mguu mmoja, mtu mwingine achore kuuzunguka. Kata mchoro huo uende nao sokoni. Toa soli ya ndani ya kiatu, kama inatoka, uiweke juu ya karatasi. Mguu ukizidi soli pembeni, kiatu hicho si chako hata kikipunguzwa bei. Chora miguu yote miwili, kwani kwa wengi mmoja ni mkubwa, na kiatu hununuliwa kwa huo mkubwa.

Kwa mtoto acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, usizidishe. Najua mantiki ya kumnunulia kinachozidi saizi mbili ili kikae miaka miwili. Kiatu kinachopwaya hukunjika mahali pasipo pake, na huko ndiko hupasuka. Mtoto wa shule ya msingi hukua saizi moja hadi mbili kwa mwaka. Nafasi ya kidole gumba inakupa muhula mmoja na zaidi.

Tufanye hesabu. Takwimu zifuatazo ni za mfano, weka zako ulizotajiwa wiki hii. Mwalimu ananunua kiatu cha plastiki inayoigiza ngozi kwa shilingi 40,000, kikadumu miezi mitano: ni 8,000 kwa mwezi. Mwenzake ananunua cha ngozi kwa 120,000, anakarabati soli mara mbili kwa 15,000 kila mara, kinadumu miezi 24: jumla 150,000, sawa na 6,250 kwa mwezi. Wa tatu ananunua mtumba wa ngozi kwa 60,000, anaushona kwa 8,000 na kutia visigino kwa 12,000, unadumu miezi 16: 80,000, yaani 5,000 kwa mwezi. Mtumba umeshinda, na wengi huishia hapo. Lakini mpe huyu wa tatu bahati ya kawaida, kwamba katika kila jozi nne moja inakufa kabla hajamlipa fundi. Jozi nne zinamgharimu 300,000 kwa miezi 48 ya kuvaa. Ni 6,250, sawasawa na kiatu kipya cha ngozi. Faida yote ya mtumba inakaa kwenye ukucha wa kidole gumba: asiyejua kuchagua, au asiye na nafasi ya kuwahi robota likifunguliwa, hana anachookoa.

Kwa mtoto hesabu inageuka. Cha 120,000 kikimbana baada ya miezi tisa kimegharimu zaidi ya 13,000 kwa mwezi, hata kikiwa bado kinang'aa. Cha bei nafuu cha miezi mitano kinamshinda. Kiatu ghali cha mtoto kina maana kwenye nyumba yenye mdogo wake wa kukirithi, au kwa kijana wa sekondari ambaye mguu wake umekaribia kusimama. Mtu akikuambia daima "nunua bora", muulize ana watoto wangapi na wamepishana miaka mingapi.

Fundi viatu ndiye sehemu ya hesabu ambayo maduka hayaitaji. Desturi yetu ya kununua kiatu na kukipeleka moja kwa moja kwa fundi akishone soli kuzunguka ni ya busara kwa kiatu cha gundi chenye soli nene ya raba. Gundi hulegea kwa joto, na joto la Kasese pamoja na tabia ya kukausha viatu karibu na jiko humaliza gundi haraka. Mshono wa nailoni unashika hata gundi ikiachia. Kwa soli nyembamba ya plastiki, kinyume chake: kila tundu la msharasi ni mwanzo wa ufa, na maji huingilia humohumo. Mwendesha boda ana hitaji lake. Kiatu chake cha kushoto huisha kwa juu, pale kinapoinua gia, kabla cha kulia hakijachakaa. Kipande cha ngozi kilichoshonwa hapo siku ya kwanza kinagharimu kidogo kuliko chochote kingine katika makala haya.

Hapo ndipo waranti na fundi wanapogombana. Kadi nyingi za waranti husema kiatu kilichobadilishwa au kutengenezwa na mtu mwingine hakidaiwi. Ukikishona siku ya kwanza umejilinda dhidi ya soli kuachama, na papo hapo umempa muuzaji sababu ya kukukatalia ikiachama. Uamuzi wangu unafuata umbali: kama duka lililokuuzia lipo mjini kwako na linajulikana kwa kubadilisha, kaa na kiatu bila kukishona mpaka muda wa ahadi upite. Kama halipo, nenda kwa fundi jioni hiyohiyo.

Wanaovunjwa moyo na waranti mara nyingi wamesoma miezi wakaacha masharti. Waranti ya kiatu hufunika kosa la kiwandani: soli iliyoachia mapema, mshono uliofumuka, pete iliyong'oka. Haifuniki kulika kwa kawaida, maji, moto, wala saizi uliyoikosea mwenyewe. Na muuzaji anayetaka kukukwepa atasema ni maji, kwa sababu huku hakuna kiatu ambacho hakijapata maji. Kwa hiyo kasoro ipigwe picha siku ileile, kiatu kikiwa kikavu, risiti ikionekana pembeni, na uache kukivaa. Mtu anayekuja na soli iliyoachama yenye matope ya wiki tatu anajidhoofisha mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wengi hawajaambiwa, nalo linapunguza zile kilomita 300. Kadi ya waranti ni ahadi ya mtengenezaji. Ununuzi ni mkataba wako na aliyekuuzia. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayolingana na maelezo aliyoyatoa. Akisema ngozi, iwe ngozi. Ukimweleza kazi unayokitakia kiatu na ukategemea ujuzi wake, kinapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mwenye duka Kasese akikuambia upeleke malalamiko kwa kampuni Kampala, unaweza kumjibu kwa adabu kwamba pesa ulimpa yeye. Yeye ndiye mwenye njia ya kuidai kampuni.

Sheria hiyohiyo inakubana nawe. Ukikagua kiatu kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Na ukikaa nacho kwa muda usio wa kawaida bila kusema, unahesabiwa umekikubali. Rudi siku za mwanzo. Maneno ya kwenye risiti kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi yatatolewa kama hoja dhidi yako. Hoja yako iwe juu ya kile alichokuambia unanunua, kwa hiyo alichokuambia kinahitaji ushahidi.

Ushahidi bora ni risiti. Tangu 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT wanatakiwa kutoa risiti za mfumo wa EFRIS wa mamlaka ya mapato, na risiti hiyo inabeba utambulisho wa muuzaji. Mwenye meza sokoni hana EFRIS, lakini ana simu. Mlipe kwa pesa ya simu, jina lake na saa vitabaki kwako. Asipotaka, risiti ya mkono inatosha ikiwa ina maneno.

Muuzaji akikataa kabisa kukusikiliza, anza na mahakama ya baraza la kijiji, LC1. Chini ya sheria ya mahakama za mitaa ya mwaka 2006, mahakama hiyo husikiliza madeni na mikataba ya kiasi kidogo, na kiatu hakiwezi kuzidi kiwango chake. Uzito wake ni kwamba mwenyekiti anamjua muuzaji, na muuzaji anataka kuendelea kuuza hapo. Kwa mtu aliyenunua kwa wingi, mathalani shule iliyoagiza jozi za wanafunzi wote zikaachama, kuna utaratibu wa madai madogo uliowekwa kwa kanuni za mwaka 2011: dai lisizidi shilingi milioni 10, huhitaji wakili, na unaanza kwa barua ya kudai unayompelekea mhusika kabla ya kufungua shauri. Shirika la viwango, UNBS, nalo lipelekewe habari za bidhaa feki au hatari, ila usitarajie likurudishie pesa. Kazi yake ni viwango.

Kiatu cha ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo, kina hesabu yake. Kasindi kuna bidhaa zilizopita Mombasa na Uganda zikielekea Butembo, na nyingine hurudi upande wetu kwa njia za panya zikiwa na bei ya kuvutia, kwa shilingi, faranga au dola. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halijaleta njia nyepesi ya kurudisha kiatu kilichoachama kwa mtu uliyekutana naye mara moja siku ya soko. Kilichopita kwa magendo hata LC1 hutapenda kukieleza. Nunua huko kitu unachoweza kukikagua chote papo hapo, kama gambuti na sandali, uende na karatasi yako ya mguu, na uache huko viatu vya gundi ambavyo ubovu wake hujitokeza baadaye.

Huku Bwera na Kasese, kwa kiatu chochote cha bei ya kuuma, omba mstari mmoja uandikwe nyuma ya risiti kabla hujatoa pesa: "Ngozi halisi, soli ya raba, cha kuvaa shuleni kila siku, soli ikiachia ndani ya mwezi mmoja nabadilisha hapa dukani." Kisha tarehe na sahihi. Muuzaji anayekijua kiatu chake ataandika. Asiyetaka kuandika, muulize kiatu hichohicho ni bei gani bila maneno hayo, na mjadala uanzie hapo.